Makaa ya Mkwaju

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Julai, mwaka wa tisini na tano. Yaliharibika asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini na jua halijavuka ua wa minyaa. Milembe alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe huku machozi yanamtoka kwa moshi, aliposikia sauti ya rafiki yake uani ikiamkia, "Mwangaluka."

Akaitikia bila kugeuka. Sauti ya Felisita aliijua tangu darasa la kwanza pale Ngulyati, walipoketishwa dawati moja, mmoja ana penseli na mwenzake ana wembe wa kuichongea. Tangu hapo watu walizoea kumwona mmoja wakamuulizia wa pili. Felisita alikuwa Mkatoliki, binti wa katekista Anatoli. Milembe alitoka nyumba inayotambika na haioni aibu. Hilo halikuwahi kuwatenganisha. Walipalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na Luhende, kaka yake Felisita, alipoanza kumtazama Milembe kwa jicho ambalo si la ndugu, Felisita ndiye aliyebeba salamu zao mwaka mzima, akizipeleka na kuzirudisha, mpaka wakawa wanamtania kwamba posta ya Bariadi ingemwajiri.

Asubuhi ile hakuja na salamu. Alikuja kuomba moto.

Lori la pamba lilikuwa linakuja siku hiyo. Tangu wakubwa walipotangaza kwamba biashara sasa ni huria, ghala la ushirika lilitiwa kufuli, popo wakahamia, na watu wakawa wanauza pamba yao kwa yeyote mwenye lori na mizani, siku anayopenda yeye. Ukiikosa siku yake, shauri lako. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa mbioni. Felisita alikuwa na wavunaji wanane uani kwao wanasubiri uji, moto wao umezimika usiku, na kiberiti kimekwisha.

Ila ndani ya nyumba ile, kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, alilala Minza, mke wa Bundala, kaka yake Milembe. Homa yake ilikuwa siku ya tatu. Bundala alikuwa ametoka kuazima baiskeli ili ampeleke zahanati.

Na kila aliyezaliwa upande ule anajua: nyumba yenye mgonjwa haitoi moto. Moto ukitoka, unatoka na pumzi ya aliyelala. Felisita alipochungulia akamwona Minza amejifunika gubigubi, alirudi nyuma hatua mbili. Alisema hakujua kwamba Minza hajapata nafuu bado, basi angekwenda kuomba kwingine.

"Kwingine wapi na lori liko njiani?" Milembe alimuuliza. "Mambo ya wazee hayo. Hata wewe binti wa katekista unaogopa?"

Na kutoka kitandani, kwa sauti nyembamba kama uzi, Minza akasema, "Mpe, wifi. Watu wake watashinda na njaa."

Milembe akayakwangua makaa, akayapanga juu ya kigae. Kilikuwa kipande cha mtungi wa Minza mwenyewe, uliovunjika wiki ya harusi yake, kina mistari ya mshazari ukingoni. Akamsukumia rafiki yake mikononi. Felisita akashukuru, wabeja, akaondoka mbio akikikinga na upepo kwa pindo la kanga.

Ndivyo ilivyokuwa, na hakukuwa na shahidi mwingine.

Bundala alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akamfunga kiunoni kwake kwa kanga asianguke, akakanyaga maili sita. Zahanati akaikuta imefungwa. Mganga alikuwa hajaona mshahara tangu Machi, kwa hiyo Jumamosi alikwenda kumshikia mizani mwenye lori. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Bundala akamlaza Minza barazani, akasubiri mpaka kivuli cha ukuta kikaisha, kisha akamfunga tena kiunoni wakaanza kurudi. Walipita karibu na lori. Mganga alimwona, akamwonyesha kwa mkono kwamba njoo Jumatatu. Mbele kidogo ya hapo, Bundala akahisi mikono iliyomshika imelegea. Hakusimama. Alikanyaga mpaka nyumbani, kwa sababu, alisema baadaye, alipokuwa bado anaendesha alikuwa bado ana mke.

Walikuwa na miezi kumi na minne ya ndoa.

Jioni ile shangazi yao Nyanjige, mwanamke mkubwa wa umri na wa maneno, alikaa katikati ya waombolezaji akauliza swali moja tu. Aliuliza kama leo moto ulitoka nyumba hii.

Watu wakamgeukia Milembe. Milembe alikuwa amekaa chini, kichwa cha Minza hatua tatu kutoka magotini pake, kimefunikwa.

"Felisita alikuja kuchukua moto," akasema.

Hakusema uongo. Alisema nusu. Nusu ya pili ilimkwama kooni kama mwiba wa sato, na kila alipomeza mate aliihisi ipo. Angesema, mimi ndiye niliyempa. Angesema, yeye alikataa. Angesema, Minza mwenyewe aliruhusu. Lakini Bundala alikuwa amekwishanyanyua kichwa, na ile sura ya kaka yake, sura ya mtu aliyekuwa anazama akapewa kamba, ilimfunga mdomo.

Jumapili, kwenye mazishi, Felisita alikuja na wenzake wa jumuiya, kitambaa cheupe kichwani. Nyanjige akamzuia kwenye pengo la ua. Felisita hakubishana. Alimtafuta Milembe kwa macho katikati ya wanawake, akampata, akamwangalia, akasubiri. Milembe akatazama vidole vyake.

Jumanne wazee wa kijiji walikaa. Waliamua kwamba binti huyo atengwe mpaka atoke mwenyewe: asisalimiwe, asiuziwe dukani, asipewe maji wala moto. Na Bundala akatuma neno kwa mzee Anatoli kwamba ile habari ya Luhende na ng'ombe wake kumi na watano wa mahari imekwisha. Alisema ng'ombe wa nyumba ile wakiingia zizi lake atawachinja wote siku hiyo hiyo, awape mbwa.

Jumatano, makaa yakaanza kuja.

Milembe alikuwa na desturi ya kufagia ua jioni. Alifagia kwa ufagio wa vijiti, kinyumenyume kuelekea mlangoni, hata ardhi ikabaki na mistari ya mizunguko kama mawimbi ya mchele kwenye ungo. Kuku akipita, unaona. Jumatano alfajiri alipofungua mlango, mistari ilikuwa mizima yote, kuanzia pengo la ua mpaka kizingitini. Mbwa wao alikuwa amelala, amekunja mkia juu ya pua. Na kizingitini, chini ya mguu wake, palikuwa na kigae chenye makaa matano mekundu, yamepangwa vizuri, hayana hata jivu juu.

Kigae kilikuwa na mistari ya mshazari ukingoni.

Aliinama akanusa. Kwao walikuwa wanachoma mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, kama nyumba zote, maana miti ilikwisha nchi nzima. Makaa haya yalikuwa ya mti mgumu, na harufu yake ilikuwa na uchachu kwa mbali. Mkwaju. Kijiji kizima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na kuni za mkwaju: mzee Anatoli, ambaye mti wake ulianguka kwa mvua za masika.

Aliyafukia kwa majivu haraka kabla kaka yake hajaamka, akaficha kigae nyuma ya mtungi. Alhamisi alfajiri kigae kilikuwa kizingitini tena, na makaa matano. Ijumaa vile vile. Mara moja alikivunja pembe kidogo kwa jiwe, akakitupa kisimani. Kesho yake kilirudi, pembe imevunjika, kimekauka, kina moto.

Ukimwazima mtu chumvi, atakurudishia chumvi. Ukimwazima jembe, atarudisha jembe. Lakini ni nani duniani aliyewahi kurudishiwa moto?

Siku ya saba, Jumanne nyingine, alikuwa shambani peke yake anaokota pamba ya mwisho, ile inayobaki juu kabisa ya mabua. Hakuona mtu akija. Alihisi tu kwamba mstari wa jirani kuna anayeokota sambamba naye, kasi ile ile, pumzi ile ile, kama alivyokuwa akiokota na Felisita. Alipogeuka mstari ule ulikuwa mtupu. Aliyekuwepo ni Luhende tu, amesimama na baiskeli yake pembeni ya shamba, mbali, mikono mitupu.

Walitazamana. Alikuwa amekonda. Shati lile la bluu, ambalo Milembe mwenyewe alilishonea kifungo, lilimning'inia mabegani. Kuna wakati, si zamani, angemwona pale moyo ungempiga mpaka kanga ikatikisika. Hata sasa ulipiga, ila ulipiga kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Luhende hakukaribia. Alisema kwa mbali kwamba anajua haruhusiwi, na hajaja kubembeleza. Dada yake anaondoka kesho alfajiri. Anakwenda Malampaka kwa mama mdogo anayeuza mayai na mihogo stesheni, treni zikisimama. Yeye atampeleka kwa baiskeli hadi Bariadi, na hapo atatafuta gari.

"Amekutuma?" Milembe akauliza.

"Dada hanitumi tena kwako."

Mbali, lori lilikuwa linaunguruma kwenye mchanga.

"Milembe, nataka nikuulize jambo moja, kisha sitakuuliza tena maishani. Ule moto aliuchukua, au ulimpa?"

Alifungua mdomo. Mwiba ulikuwa pale pale. Akaufunga.

Luhende alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu. Akasema dada yake alikuwa amekataa kumwambia. Kila akimuuliza anasema muulize mwenyewe. Kisha akapanda baiskeli. Alipoikanyaga mara mbili tatu alisimama, akasema bila kugeuka kwamba alikuwa amekwishawapa majina wale ng'ombe kumi na watano, mmoja mmoja, kwa ajili ya siku ya kuwaleta. Akaenda zake.

Milembe alibaki na pamba mkononi. Aliyajua mambo mawili tu. Kwamba ana mpaka kesho alfajiri. Na kwamba akimpoteza Felisita bila kumwambia neno, hata akizaa watoto kumi, hata akizeeka akaota mvi, hatakuwa na mtu anayemjua.

Saa sita mchana, wakati watu wamejificha jua na kivuli kimeingia chini ya mguu, alikwenda. Alikibeba kigae cha asubuhi hiyo ndani ya kitambaa. Njia nzima hakukutana na kiumbe. Hata mbuzi walikuwa kimya.

Mji wa mzee Anatoli ulikuwa umefagiwa kama mji wa sikukuu. Felisita alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anakunja nguo zake na kuzipanga ndani ya sanduku la bati. Alinyanyua uso. Hakusimama. Luhende alitokea mlangoni, akaona nani amekuja, akarudi ndani, lakini hakuenda mbali. Vidole vyake vilibaki vinaonekana kwenye fremu ya mlango.

"Mwadila," Milembe akaamkia.

"Mwadila mhola. Utaonekana."

"Nionekane."

Felisita akaendelea kukunja. Milembe alichuchumaa mbele yake, akafungua kitambaa, akaweka kigae chini baina yao. Alimwambia anajua amemkosea, anajua ana haki ya kumfanyia lolote, ila aache. Kila alfajiri anakikuta. Kaka yake akikiona atamfuata na panga. Aache kuleta moto.

Felisita alikitazama kigae. Rangi ikamtoka usoni, polepole, kama maji yanavyotoka kwenye mchanga. Akavuta miguu yake nyuma.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Si wewe unayeleta?"

"Milembe. Nimekuuliza umekitoa wapi."

Felisita akasimama. Akamwita amfuate jikoni. Mafiga yalikuwa na majivu meupe mepesi ya mabua ya pamba, na pembeni mafungu mawili ya mabua hayo hayo. Akamwonyesha pembe ya ua palipokuwa na gogo la mkwaju: shimo, vumbi, na kuku amejilalia. Alisema kuni za mkwaju ziliisha siku ile ile ya wavunaji wanane. Kipande cha mwisho kilipikia uji wao. Hakuna kijiti cha mkwaju kilichobaki kwao, na tangu Jumanne iliyopita hajatoka nje ya ua ule, hata kisimani anakwenda Luhende.

"Na hicho kigae," akasema, sauti imeshuka, "nilikipeleka kwa Minza."

Alimweleza. Jumatatu baada ya mazishi, kabla wazee hawajakaa, aliona vibaya kuwa na chombo cha marehemu ambaye hakuruhusiwa kumzika. Alipita nje ya ua wa kina Milembe, upande wa minyaa walikomlaza Minza, akaingiza mkono kwenye upenyo, akakiweka kichwani pa kaburi. Alikifunika, mdomo chini. Akamwomba radhi, akasali Salamu Maria moja, akaondoka. Hajakishika tena.

Jua lilikuwa kali lakini Milembe aliona vinyweleo vya mikononi vikimsimama.

"Basi ni nani?" akanong'ona.

"Usiniulize mimi. Mimi ndiye mchawi, lakini hilo silijui."

Ilitoka kama utani wao wa zamani, na kwa kitambo kifupi sana wote wawili walitaka kucheka. Midomo iliwacheza. Halafu hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Milembe alipolia. Alichuchumaa akalia, akasema yote, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye fremu ya mlango. Kwamba yeye ndiye aliyeutoa moto. Kwamba Felisita alirudi nyuma akakataa. Kwamba yeye alimsukumia. Kwamba Minza alisema mpe. Vidole vya Luhende vikaondoka kwenye fremu.

Felisita alimwacha alie. Zamani angemfuta kwa kanga yake, angemwita mjinga wangu. Sasa alisubiri tu, kama mtu anayesubiri mvua ya kwa jirani ipite.

"Nimekusamehe," alisema mwishoni. "Nilikusamehe siku ile ile. Nilijua umeogopa. Ningekuwa mimi mbele ya Nyanjige na maiti pale, sijui ningesema nini."

"Basi usiende. Leo hii namwambia kaka. Wazee watakaa tena, watafuta neno lao. Utabaki, tutalima, na Luhende..."

"Mwambie kaka yako. Ni vizuri umwambie. Lakini usimwambie kwa ajili ya kunirudisha mimi."

"Felisita, unanichukia."

"Sikuchukii. Nakuogopa."

Alilisema bila ukali, ndiyo maana liliingia mpaka ndani. Akakaa tena kwenye kigoda, akachukua gauni la kipaimara lililokuwa limebaki, lile walilolivaa wote wawili kwa zamu, mmoja kanisani, mwenzake ngomani, akaliweka magotini.

"Siku ya mazishi nilikutafuta kwa macho," alisema. "Nikakupata. Ulinitazama kabla hujatazama chini, unakumbuka? Ulinitazama kama hunijui. Sura yako ilikuwa sura ya mtu mwingine. Watu wengine wote walinifukuza kwa sura zao wenyewe. Wewe tu ndiye uliyekuwa umekwenda, na mwili umeuacha umekaa pale. Tangu siku ile nikifumba macho naona hiyo. Nitawezaje kuja tena mlangoni kwako kuomba moto, nisijue ni nani atakayefungua?"

Felisita akalikunja gauni, akalitia sandukuni chini kabisa, akafunga. Kisha akanyanyua sauti kidogo, akamwambia kaka yake aliyekuwa ndani kwamba yeye asije akaacha mke kwa sababu ya dada.

Milembe alipofika kwenye pengo la ua, Luhende alikuwa amemtangulia kwa kupitia nyuma ya nyumba. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Mkono wake ulinyanyuka kama wa kumshika begani, ukakaa hewani, ukashuka.

"Nilitaka jibu lako asubuhi," alisema. "Umelitoa mchana."

"Nimechelewa?"

"Kesho tutapita kwenye njia ya kwenu, hakuna njia nyingine ya Bariadi. Sijui kama nitasimama. Nakwambia ukweli, Milembe, sijui."

Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alizungukia upande wa minyaa, palipo na kaburi. Minyaa iliyoinama juu yake ilikuwa imelitia kivuli tangu asubuhi, jua lilikuwa halijalifikia. Kichwani pa kaburi aliona duara safi lililobonyea, mahali palipokaa kigae. Akapiga magoti, akaweka kiganja ndani yake. Udongo ulikuwa wa moto. Si moto wa kuunguza, ulikuwa joto kama la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

Akakirudisha kigae pale pale, mdomo chini, kitupu. Akasema, "Wifi, nimesikia."

Jioni alifagia ua. Alifagia mara mbili.

Alfajiri, kabla jogoo wa pili, alifungua mlango. Mistari ilikuwa mizima. Mbwa amelala. Kigae kilikuwa kizingitini, pembe imevunjika, makaa matano, mekundu kama yametoka kupulizwa. Safari hii hakuyafukia. Aliketi kando yake, akamwita kaka yake kwa jina.

Bundala alitoka amejifunga shuka. Aliona kigae, akasimama. Alikitambua, alikuwa yeye aliyeubeba mtungi ule kutoka mnadani Bariadi, wiki ya harusi, na yeye aliyeuangusha, na Minza akacheka badala ya kununa. Alichuchumaa polepole upande wa pili wa makaa. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa chini na mweusi kwa juu.

Milembe alimwambia. Hakuacha neno. Mwiba ulitoka wote, na ulipotoka aliona utupu mkubwa mahali ulipokuwa. Alisubiri kofi. Alisubiri kufukuzwa. Bundala hakunyanyua hata mkono. Alikuwa anayatazama makaa tu.

"Alisema mpe?" aliuliza.

"Alisema, mpe, wifi. Watu wake watashinda na njaa."

"Ndiye huyo," Bundala akasema. "Ndiye Minza huyo." Na mabega yakaanza kumtikisika bila sauti.

Njiani, nje ya ua, kengele ya baiskeli ililia mara moja. Milembe akainuka. Juu ya minyaa aliona kichwa cha Luhende, na nyuma yake kitambaa cheupe, na sanduku la bati linaloanza kushika mwanga. Baiskeli ilipunguza mwendo. Ilipunguza hata ikayumba. Felisita aligeuza shingo kuelekea uani, akauona moshi mwembamba wa mkwaju unapanda mlangoni pale, akaufuata kwa macho mpaka ulipoishia. Halafu akatazama mbele. Luhende alikuwa bado anamtazama Milembe, mguu mmoja umegusa chini, mwingine uko juu ya pedeli.

"Kaka," Milembe akasema haraka, bila kuwaondolea macho, "wako pale. Waite. Sema neno moja tu wasikie. Moto haukumuua Minza. Wewe ulikuwepo. Mlango wa zahanati ulifungwa, na mwenye ufunguo ulimwona kwenye lori, na waliomwacha bila mshahara wako huko walikokaa. Felisita hakumuua."

Bundala alijipangusa uso kwa ncha ya shuka. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeuliza njia katika nchi ya ugeni.

"Najua," alisema. "Tangu siku ile najua. Lakini Felisita yuko hapa, tulimnyima moto, tukamnyima maji, akasikia. Hao wengine, mdogo wangu, unawanyimaje moto?"